Neno "molest" limenikosanisha na mwanafunzi wangu

Somo, salamu zako nyingi.

Mimi ni mzaliwa wa Tanga, mama wa watoto wawili, huu ni mwaka wa tisa niko Houston, Texas. Mchana nahudumia wazee katika nyumba ya kutunzia wazee. Jumanne jioni najitolea kufundisha Kiingereza katika ukumbi wa kanisa moja mtaani kwetu. Kazi hiyo sikuitafuta. Nilipofika nchi hii nilikwenda pale kujifunza mwenyewe, nikakalia benchi moja na akina mama wa Honduras, El Salvador na Mexico, na Kiingereza kilipokaa sawa mratibu akaniomba nibaki nisaidie. Kihispania changu ni cha sokoni tu: salamu, bei na majina ya vyakula.

Darasa langu lina wanawake kumi na mmoja, wote wasemaji wa Kihispania. Mwezi juzi tulifika sura ya familia. Nikawaambia kila mmoja aandike sentensi tano kuhusu watu wa nyumbani kwake. Mmoja wao, mama wa Kihonduras, mpole, hajawahi kukosa darasa hata siku za mvua kubwa, akaniletea karatasi hii. Naandika kama alivyoandika: "My uncle live with us. He molest my daughter every day. She is embarrassed. My husband and my uncle discuss all the night. I can't support more."

Somo, nilihisi miguu inaniishia. Mimi niliisoma hivi: mjomba anaishi nasi, kila siku anamdhalilisha binti yangu kingono, binti anaona aibu, mume wangu na huyo mjomba wanalizungumza usiku kucha, mimi sina msaada zaidi wa kutoa. Na binti mwenyewe namjua. Ana miaka 15, humfuata mamaye darasa likiisha, husimama mlangoni na begi lake la shule.

Sikumuuliza kitu yule mama. Niliogopa nitamwaibisha mbele ya wenzake, na kusema kweli sikujua niulize kwa lugha gani. Nikaipeleka karatasi kwa mratibu, Mmarekani asiyejua Kihispania, naye akapiga simu usiku uleule kwa wanaohusika na ulinzi wa watoto. Baada ya siku mbili ofisa wa ustawi wa jamii akabisha hodi nyumbani kwao. Alichokikuta sikijui, wala hatuambiwi. Ninachojua ni kwamba yule mama hajarudi darasani, wiki ya tano sasa, na wenzake wananiitikia salamu kwa mdomo wa pembeni.

Juma lililopita mama mmoja wa El Salvador, mtu mzima mwenye busara zake, aliniweka kando. Akaniambia, "Teacher, kwetu 'molestar' ni kusumbua tu. Mzee anafungua redio mtoto anasoma. Anamtania. Basi." Akanieleza na mengine: "discutir" ni kugombana, "soportar" ni kuvumilia. Nilipomuuliza "embarrassed" akanyamaza kidogo, kisha akasema kwao "embarazada" ni mwanamke mwenye mimba, ila yeye hajui mwenzake alikusudia nini.

Sasa nimechanganyikiwa. Mume wangu anasema nimejitia ya watu. Mratibu ameamua sura ya familia tuiruke kabisa, tufundishe hali ya hewa na duka la dawa. Mimi nataka kujua: nilimkosea yule mama? Niende kwake au nikae mbali? Na hilo somo la familia niliache kweli?

Mwalimu wa Jumanne, Houston

*

Somo yangu,

Nimeisoma karatasi ya huyo mama mara nne. Niliwahi kuwa mkalimani wa hospitalini huko huko Marekani, Kiswahili na Kiingereza, chumba kimoja cha mapumziko na wakalimani wa Kihispania. Chai tulikunywa pamoja na makosa tulisimuliana. Kwa hiyo sentensi zile tano nazijua ukoo wake. Ni Kihispania kilichovishwa kanzu ya Kiingereza. Ukiivua kanzu unapata hivi: mjomba anaishi nasi, anamsumbua binti yangu kila siku, binti (hapa tungoje kidogo), mume wangu na mjomba wanagombana usiku kucha, siwezi kuvumilia tena.

Kihispania na Kiingereza vyote viwili vimechota sana kwenye Kilatini, na ndiyo maana maneno mengi yamefanana sura. Lakini ndugu waliolelewa nyumba mbalimbali hawana tabia moja. "Molestar" ya Kihispania imebaki na maana ya kukera na kusumbua. Hata nzi hufanya "molestar". Kwa Kiingereza cha leo "molest" imekwenda kukaa kwenye jambo moja, nalo ni kumdhulumu mtu kingono, hasa mtoto. Mwanafunzi anayefikiri kwa Kihispania anachukua neno lake, analikata mkia, anakuletea. Hakosei kwa uvivu. Amekisia kwa akili, na mara tisa kati ya kumi kukisia hivyo kunamfikisha, maana "familia" ni "family" na "divorcio" ni "divorce". Ile ya kumi ndiyo inayoleta ofisa mlangoni.

Sasa lile neno tuliloliacha likingoja. "Embarazada" ni mjamzito, hilo mwenzake amekwambia kweli. Kwa hiyo sentensi yako ya tatu ina milango miwili. Kama yule mama alikuwa anatafuta neno la mimba kichwani, angefika moja kwa moja kwenye "embarrassed". Kama alikuwa anatafuta neno la aibu, asingelifikia kwa njia hiyo, kwa sababu kwao aibu ni "vergüenza", na Amerika ya Kati husema pia "me da pena", naona haya. Ili aandike "embarrassed" kwa maana ya aibu ilibidi awe amelifundishwa. Nawe ndiye mwalimu, hebu fungua daftari lako: sura ya hisia mliipita kabla ya sura ya familia? Mlifundishana "happy, sad, embarrassed" na vile vikatuni vya nyuso? Kama ndiyo, huenda ni binti wa miaka 15 anayeona haya redio ya mzee ikisikika hadi kwa majirani. Kama hapana, basi karatasi hiyo ina uzito ambao hata mama wa El Salvador aliuona, ndiyo maana akanyamaza.

Hapa ndipo ninapotofautiana kidogo na huyo mama mtu mzima, pamoja na heshima zangu zote kwake. Amekupa maana ya kamusi, na maana ya kamusi ni sahihi. Lakini "basi" yake imekuja mapema. Chukua neno letu sisi. Binti akikwambia, "Mama, yule baba wa duka ananisumbua," utadhani anapiga redio? Mswahili yeyote anajua "ananisumbua" ikitoka kinywani mwa msichana huweza kumaanisha anamtaka, anamwandama, anamshika mkono njiani. Mambo mazito tunayasema kwa maneno mepesi kwa sababu mazito hayasemeki. "Alimchezea." "Alimharibu." Wasemaji wa Kihispania nao wana njia hiyo hiyo, na "molestar" ni mojawapo ya maneno mepesi ambayo mama anaweza kuyatumia kufunika jambo zito. Nilimsikia mkalimani mwenzangu akisema hivyo, mwanamke aliyekulia Guatemala: kila anaposikia "la molesta" kuhusu msichana, huuliza swali la pili kabla hajatafsiri la kwanza.

Kwa hiyo kama ulikuja kwangu unitulize kwamba lilikuwa kosa la lugha na mzee wa watu hana hatia, mimi siwezi. Na kama ulikuja nikwambie umemwokoa mtoto, hilo pia siwezi. Karatasi haituambii. Ndiyo maana ilibidi mtu aulize.

Sasa swali lako la kwanza. Kutoa taarifa hukukosea. Texas sheria haiwabani walimu na madaktari peke yao. Kila mtu mwenye sababu ya kuamini kwamba mtoto anadhulumiwa anatakiwa kuripoti, na anayeripoti kwa nia njema sheria inamkinga. Mumeo mwambie kwamba katika jimbo mnaloishi hayo si ya watu. Ila kati ya wewe kusoma karatasi na mratibu kushika simu palikuwa na dakika tano ambazo hamkuzitumia. Kuuliza "neno hili ulikuwa na maana gani?" si upelelezi. Upelelezi ni wa maofisa, na mtoto mwenyewe usingemgusa kwa maswali hata kidogo. Lakini mama aliyekuandikia ana haki ya kuulizwa ameandika nini. Ungemwita pembeni, ukaichukua simu yako ukampigia mtu anayejua lugha zote mbili, ukauliza swali moja: anafanya nini? Swali hilo tu. Usiulize "anamdhulumu?" wala "anamgusa?", maana hayo unamwekea mtu jibu mdomoni. "¿Qué hace él?" Anafanya nini huyo mjomba. Akijibu redio, umejua. Akijibu kwa kuangalia chini, umejua pia, na unapiga simu usiku uleule kama mlivyofanya.

Nakueleza hili kwa ukali kidogo kwa sababu nimeona neno moja lisiloulizwa linavyofanya. Kuna kisa ambacho wakalimani wengi wa Marekani hufundishwa. Mwaka 1980, Florida, kijana wa miaka 18 alifikishwa hospitali hana fahamu. Jamaa zake, wasemaji wa Kihispania cha Kuba, walisema ni "intoxicado". Kwao neno hilo ni mtu aliyedhuriwa na kitu alichokula au kunywa. Walidhani ni chakula kibaya. Waliomhudumia walisikia "intoxicated", wakamtibu kama mtu aliyezidisha dawa za kulevya kwa makusudi. Kumbe damu ilikuwa inavuja kwenye ubongo. Ilipogunduliwa muda ulikuwa umepita, na kijana akabaki amepooza mikono na miguu. Fidia iliyokubaliwa, kuhesabu malipo ya maisha yake yote, ilitajwa kuwa kama dola milioni 71. Hakuna aliyeita mkalimani kwa sababu kila mmoja mle chumbani aliamini amelielewa lile neno.

Neno gumu halina madhara makubwa, kwa kuwa usipolijua unauliza. Linaloponza ni lile unalodhani unalijua.

Hayo ya sheria na hospitali niyaache nirudi darasani kwako, maana naona mratibu wako anataka kufunga dirisha kwa sababu nzi ameingia. Kuruka sura ya familia! Wanawake hao kumi na mmoja watazungumza nini na mwalimu wa mtoto, na daktari wa uzazi, na mwenye nyumba, na hakimu? Hali ya hewa? Zaidi ya watu milioni 40 Marekani wanazungumza Kihispania nyumbani kwao, na wale ambao Kiingereza bado hakijakaa sawa, jambo la kwanza wanaloulizwa kila ofisi ni la familia: nani anaishi nawe, nani mlezi wa mtoto, umeolewa, umeachika. Sura hiyo ndiyo ya kurudiwa mara mbili.

Ila usiifundishe kwa ule mti wa ukoo wenye vichwa vya mviringo, babu juu, wajukuu chini. Mti ule umechorwa kwa ajili ya nyumba ya Kimarekani. Wewe Mswahili unajua unavyobana. Kiingereza kina "uncle" mmoja, anabeba mjomba, ami, baba mkubwa, baba mdogo na mume wa shangazi, na bado anapumua. Hata Kihispania kina "tío" mmoja. Ndiyo maana mpaka leo wewe umeandika "mjomba" lakini hujui huyo mzee ni mjomba wa mama au wa binti, wa damu au wa heshima. Upande mwingine Kihispania kinatushinda: wana "comadre" na "compadre", mzazi na msimamizi wa ubatizo wa mtoto wake wanavyoitana, undugu mzito kabisa ambao Kiingereza hakina hata kijineno cha kuutajia. Mwanafunzi wako akisema "my comadre will pick up the child", shule haitajua ni nani, wala haitampa mtoto.

Anza na maneno yanayodanganya. Waambie siku ya kwanza, mcheke pamoja, maana yanachekesha kabla hayajaumiza. "Parientes" si "parents". Nilimsikia bwana mmoja akimwambia nesi kwamba ana wazazi sitini Chicago. "Padres" ndiyo wazazi, baba na mama pamoja, na anayetafsiri moja kwa moja atasema ana "fathers" wawili. "Hermanos" ni ndugu wa kiume na wa kike kwa mkupuo, hivyo "three brothers" ya mwanafunzi wako huenda ina dada wawili ndani yake. "Familia política" ni wakwe na mashemeji, hawana chama chochote. "Educado" ni mwenye adabu. Mke akisema mumewe "is not educated" huenda mume ana shahada na ulimi mchafu. "Esposas" ni wake, na ni pingu pia, na hili wanaume wa darasani hawatakuacha ulipite bila kelele, kwa hiyo shukuru darasa lako ni la wanawake.

Kisha ingia kwenye yale mazito, polepole. "We discuss every night": Mmarekani atasikia nyumba ya watu wastaarabu wanaokaa mezani kujadiliana, wakati mwanamke anasema wanagombana kila usiku. "I can't support my husband": atasikia mke anayelalamikia gharama, wakati mwenzake anasema yamemfika shingoni. Umeona hatari yake ilivyo kinyume na ile yako? "Molest" ilikuza jambo, pengine. "Discuss" na "support" hupunguza. Mwanamke anaweza kukaa mbele ya nesi anayemuuliza kama yuko salama nyumbani, akajibu kwa uaminifu kabisa, na nesi akaandika kwamba mambo ni shwari. Kosa la aina hii halileti ofisa mlangoni, kwa hiyo hatulisikii. Mimi hilo ndilo linaloninyima usingizi kuliko lako.

Na kuna maneno ya sheria. Wengi huko kwao huishi "unión libre", mke na mume bila ndoa ya karatasi. Atakuja na "free union", na karani atamkodolea macho. Texas ina kitu chake kinachokaribia, ndoa isiyo rasmi: watu wakikubaliana kuwa mke na mume, wakaishi pamoja humo jimboni na kujitambulisha hivyo kwa watu, sheria inaweza kuwahesabu kuwa wameoana. Kwa hiyo mwanamke anapochagua kati ya "my husband" na "my boyfriend", hachagui neno la mapenzi. Huenda anagusa mali na haki zake. Wafundishe tofauti, halafu uwaambie waziwazi kwamba zaidi ya hapo ni kazi ya mwanasheria. Waambie pia wasione haya kwamba jina la ukoo la mama halifanani na la baba. Kwao mtoto hubeba la baba kisha la mama, na mke kwa kawaida habadilishi lake. Kwetu pwani nasi mwanamke hubaki binti wa babake hata akiolewa mara tatu. Ni ofisi za huko ndizo zinazoshtuka.

Zoezi lenyewe lifanye la matendo. Usiseme "describe your family", sema "who does what?" Nani anapika, nani anamfuata mtoto shule, nani anapiga kelele, anapopiga kelele anafanya nini na mikono yake. Mtu akishajua vitenzi kumi vya wazi, "hit", "push", "shout", "touch", "take my money", hahitaji jina kubwa la jambo. Atakueleza lilivyokuwa, na jina watalitia wenye kazi hiyo.

Nikukumbushe, maana naona umejilaumu kana kwamba ni Kihispania tu kinachoteleza. Sisi wenyewe tumewaponza wangapi? Nilikalimani kwa bwana mmoja kutoka Bukavu aliyeshikilia kusema kwa Kiingereza chake mwenyewe kwamba amelelewa na "my small father". Daktari akaanza kuuliza habari za urefu katika ukoo. Tulicheka. Lakini mwaka 2008 Marekani ilisimamisha mpango wake wa kuwaunganisha wakimbizi na jamaa zao, baada ya vipimo vya DNA vilivyoanzia Nairobi kushindwa kuthibitisha undugu wa damu uliotajwa katika familia nyingi. Mpango ulirudi 2012. Wapo waliodanganya, sikatai. Wapo pia waliomwita "my child" mtoto wa marehemu dada yao, kwa sababu nyumbani hakuna neno lingine la kumwitia, na kumwita vinginevyo ni tusi. Na mchezo wetu wa "he" na "she" je? "Mama yake" ya Kiswahili haisemi ya nani, "su mamá" ya Kihispania vilevile. Wewe na wanafunzi wako mnateleza sehemu moja. Itumie hiyo darasani, kaa nao benchi moja kama zamani.

Sasa yule mama. Kwanza, kabla hujaenda popote, mwambie mratibu ampigie ofisa aliyepewa shauri hilo, amweleze kwamba karatasi iliandikwa na mtu anayefikiri kwa Kihispania, na aitaje hiyo "molestar" na hiyo "embarazada" zote mbili. Si kuomba shauri lifutwe, hilo si lenu. Ni ili anayechunguza asome kilichoandikwa. Kama naye hajui lugha, ataita mkalimani, na asikubali binti awatafsirie. Kanuni za afya za huko zimekwisha kukataza hospitali kumtumia mtoto kuwa mkalimani isipokuwa kwenye dharura, na sababu ni hizihizi.

Baadaye nenda, lakini usiende mlangoni ghafla. Mlango huo umekwisha kubishwa na mgeni mmoja mwaka huu na yawezekana walikaa siku kadhaa hawalali wakiwaza makaratasi yao. Tuma ujumbe kupitia mama wa El Salvador, na mwombe aende nawe atakapokubali kukuona. Usimpelekee maelezo ya sheria ya Texas. Usimuulize ofisa alisema nini, wala kama ni kweli. Omba radhi kwa kosa lako tu, si kwa simu: kwamba aliandika kwa mkono wake naye hukumuuliza. Jifunze sentensi hii kwa Kihispania uitamke mwenyewe hata kama ulimi utagongana, na umwite "usted", si kama rafiki wa rika: "Discúlpeme por no haberle preguntado." Nisamehe kwa kutokukuuliza. Kisha nyamaza. Akitaka kukutukana, atukane. Akitaka kukuambia lililoko nyumbani, msikilize mpaka mwisho, na kama ni lile tunaloliogopa, mwambie palepale kwamba hutaweza kulifunika, ila hutamwacha aende ofisi peke yake.

Benchi lake usilitoe. Na nijibu lile la daftari, kama sura ya hisia ilitangulia au la. Akirudi darasani niandikie. Asiporudi, niandikie vilevile.